STATA HAIZUNGUKI: TAFUTA KASORO KABLA YA KUNUNUA NYINGINE

Somo la ufundi kwa wakazi wa kambi



Wengi wenu mliingia Uganda kupitia mpaka wa Mpondwe, mkapokelewa Bwera, kisha mkapelekwa kwenye makazi. Wapo waliovuka na ufundi wao kichwani lakini bila spana hata moja mkononi. Somo hili ni kwa ajili yao, na kwa kila mtu ambaye riziki yake inategemea mashine ndogo inayowashwa kwa ufunguo au kitufe: jenereta ya kuchajia simu na kunyolea nywele, pikipiki ya abiria, au injini ya kinu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi, na anayejua kutafuta kasoro ya umeme wa injini hakosi mteja.

Tuseme kikundi chenu kina jenereta moja. Asubuhi unageuza ufunguo, inasema "ta!" mara moja, kisha kimya. Mtu anayepita anasema, "Stata imekufa, nendeni Kasese mkanunue nyingine." Mnachanga fedha, mtu mmoja anapoteza siku nzima na nauli, stata mpya inafungwa, unageuza ufunguo, na inasema tena "ta!" Kasoro haikuwa kwenye stata. Ilikuwa kwenye waya wa hasi uliooza chini ya nati, kazi ya robo saa na kipande cha msasa. Mambo haya hutokea mara nyingi kuliko stata kufa kweli, kwa hiyo usikubali kununua kitu kabla ya kupima.

NJIA MBILI ZA UMEME

Kuwasha injini kunahitaji njia mbili za umeme, nene na nyembamba. Ukizitenganisha akilini mwako, nusu ya kazi imekwisha.

Njia nene hutoka kwenye kichwa cha chanya cha betri, hupita kwenye waya mnene hadi solenoidi, kisha waya mwingine mnene hadi stata. Umeme hauishii hapo. Lazima urudi kwenye betri, nao hurudi kupitia chuma cha injini na waya mnene wa hasi. Wengi husahau safari hii ya kurudi, na ndiko kasoro zinakojificha. Waliosoma ufundi kwa Kifaransa wanaijua stata kwa jina la démarreur, na bodi wanaiita masse. Ni mambo yaleyale.

Njia nyembamba ni ya kutoa amri tu. Hutoka betri, hupita fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi za usalama kama zipo, hadi kwenye tamino ndogo ya solenoidi. Ndani ya solenoidi kuna koili ya waya mwembamba. Umeme mdogo ukipita, koili inakuwa sumaku, inavuta kipande cha chuma, na kipande hicho kinaunganisha zile nguzo mbili nene. Ile "ta!" unayoisikia ni chuma hicho kinapogonga. Kwa hiyo solenoidi ni kama bawabu: unamwambia neno dogo, naye anafungua lango kubwa. Bila yeye ungehitaji swichi ya ufunguo yenye uwezo wa kubeba umeme wote wa stata, nayo ingeungua siku ya kwanza.

Swichi za usalama zimewekwa ili injini isiwake na kumdhuru mtu. Pikipiki nyingi za kitufe hukataa kuwaka mpaka gia iwe huru au klachi ikamatwe. Mashine za kukatia majani zinazoendeshwa kwa kukaliwa, kama zile za viwanja vikubwa na hoteli, zina swichi kwenye breki, kwenye kisu, na nyingine chini ya kiti. Fundi akipata kibarua kwenye mashine kama hiyo asishangae: njia ni ileile ya jenereta yako, ila bawabu anauliza maswali zaidi kabla ya kufungua. Usifunge swichi hizo kwa waya ili "zisisumbue". Mashine ya kisu iliyowaka bila kutegemewa hukata mguu wa mtu.

TAHADHARI KABLA YA KUGUSA KITU

Weka gia huru. Vua pete, saa na bangili. Pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja itaunguza kidole hadi mfupa. Usivute sigara wala kuweka taa ya moto karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Chomoa kofia ya plagi, kisha unganisha chuma kilicho ndani yake na bodi ya injini kwa kipande cha waya, ili injini isiwake wakati unapima. Unapofungua betri, anza na hasi. Unapoifunga, hasi iwe ya mwisho. Ukifanya kinyume na spana yako ikagusa bodi wakati unafungua chanya, utaona cheche kubwa.

Na jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au hema, hata kwa dakika chache za kupima. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

SIKILIZA KWANZA

Geuza ufunguo na usikilize. Sauti itakueleza upande wa kwenda.

Kama hakuna sauti yoyote, amri haifiki kwa solenoidi. Shuku njia nyembamba: fyuzi, ufunguo, swichi ya usalama, au koili yenyewe. Lakini kwanza washa taa au piga honi. Kama navyo ni kimya, betri imekwisha kabisa au kichwa chake kimelegea.

Kama inasema "ta!" moja, amri imefika na bawabu amefungua, ila umeme mwingi haupiti. Shuku betri dhaifu, waya mnene ulioota kutu, midomo ya solenoidi iliyoungua ndani, au stata yenyewe. Hakikisha pia kuwa injini haijakwama: vuta kamba ya jenereta au kanyaga kiki ya pikipiki. Isipozunguka hata kidogo, tatizo ni la injini, si la umeme.

Kama inasema "ta-ta-ta-ta" haraka haraka, karibu kila mara ni betri dhaifu au kiungo kibovu. Solenoidi inafunga, stata inavuta umeme mwingi, nguvu ya betri inaporomoka, solenoidi inaachia, nguvu inarudi, na mchezo unaanza upya mara kadhaa kwa sekunde. Stata haina kosa hapa.

Kama stata inazunguka kwa sauti ya juu lakini injini imetulia, gia ndogo ya stata haikamati. Kazi hiyo ni ya chuma, si ya waya. Na kama injini inazunguka vizuri lakini haiwaki, acha stata kabisa: angalia petroli, plagi, na kiwango cha oili. Jenereta nyingi zina kifaa kinachozuia cheche ya plagi oili inapopungua, hata kama stata inafanya kazi yake.

Iko sauti moja ya hatari. Umeachia ufunguo, na stata inaendelea kuzunguka. Midomo ya solenoidi imeyeyuka na kushikana. Usihangaike na ufunguo. Ng'oa waya wa hasi wa betri mara moja. Solenoidi hiyo haifai tena, hata kama ukiigonga kwa nyundo inaachia.

BETRI NDIYO YA KWANZA

Kambini betri ina kazi nyingi. Mchana inawasha jenereta, usiku inabeba redio na taa, na jirani anaomba kuchaji simu kidogo. Asubuhi haina nguvu, na lawama zinaiangukia stata. Taa ndogo inahitaji umeme kidogo sana, kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri inaweza kuzungusha injini. Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo huku ukiitazama. Ikififia hadi karibu kuzimika, betri ni dhaifu, au injini ni nzito kupita kiasi. Isipofifia hata kidogo, umeme haufiki kwenye stata.

Mwenye mita apime hivi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.0 au chini ya hapo, kwa kazi ya kuwasha injini ihesabu kuwa tupu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 au karibu na hapo. Injini ikiwa imewaka, betri ionyeshe kati ya 13.5 na 14.5, ikibaki 12, haichajiwi, na kesho utakuwa na taabu ileile. Jenereta ndogo huchaji betri yake polepole. Nusu saa haitoshi kurudisha betri iliyokwisha kabisa.

Betri ya kufunguliwa vifuniko iongezwe maji safi ya betri tu. Usiongeze asidi. Maji ndiyo yanayopungua kwa joto na kwa kuchaji, asidi hubaki ndani, na kuongeza asidi juu ya asidi huharibu sahani.

VIUNGO, KUTU NA CHUMVI

Betri ikiwa nzuri, kagua viungo vyote vya waya mnene: vichwa viwili vya betri, nguzo mbili za solenoidi, nguzo ya stata, na mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye injini. Vitikise kwa mkono. Kisichotakiwa kusogea kisisogee.

Upande wa Kasese una adui wa ziada. Chumvi ya Ziwa Katwe imeuzwa hadi Kongo tangu zamani za mababu, na chombo kinachobeba chumvi, iwe pikipiki au pikapu, hudondokewa na vumbi na maji yake. Chumvi na unyevu hula shaba mpaka inakuwa ya kijani, na kula chuma chini ya nati ya waya wa bodi. Nje nati inang'aa, chini yake kuna unga. Ukinunua pikipiki kuukuu iliyofanya kazi kati ya Katwe, Kikorongo na Bwera, fungua waya wa hasi siku hiyohiyo uuangalie, kabla hujalala njiani.

Kusafisha ni rahisi. Ondoa waya, mwagia vichwa vya betri maji ya moto yaliyokorogwa magadi kidogo, yale ya kupikia maharage. Unga mweupe utatoa povu na kuisha. Zuia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili za kiungo, na sehemu ya bodi uiondolee rangi. Kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Wako wanaopaka grisi kwanza kisha wakakaza. Wanaziba wenyewe njia ya umeme.

Sasa jaribio ambalo ningependa kila msomaji alijue. Chukua waya mnene wa akiba. Bana ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na tangi la petroli. Mwambie mwenzako ageuze ufunguo. Kama stata iliyokuwa imekufa sasa inazunguka, umeponya ugonjwa: waya wa hasi wa zamani ni mbovu. Hukuhitaji mita.

Mwenye mita anaweza kwenda mbali zaidi. Weka ncha moja juu ya risasi yenyewe ya kichwa cha betri, na nyingine juu ya kishikio cha waya kilichofungwa hapo. Mwenzako ageuze ufunguo. Mita ionyeshe karibu sifuri. Ikionyesha volti nzima au zaidi, umeme unakwama palepale, katikati ya vitu viwili vinavyogusana. Rudia kwa kila kiungo. Ukifika kwenye solenoidi, weka ncha kwenye nguzo zake mbili nene: kabla ya ufunguo utaona karibu volti 12, na ikifunga zishuke karibu sifuri. Zikibaki nyingi ilhali imesema "ta!", midomo imeungua ndani.

Waya mnene ukikatika usiweke waya wa nyumba. Waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5 umetengenezwa kwa ampea zisizozidi 20 na ushei, na stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 50 hadi 100, au zaidi inapoanza. Tafuta kebo ya betri, milimita mraba 16 au zaidi, na ncha zake zibanwe kwenye vishikio vya shaba, si kusokotwa tu.

KUFUATA NJIA NYEMBAMBA KWA BALBU

Kama hakuna sauti kabisa, tengeneza taa ya kupimia. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, iungie waya mbili za urefu wa mkono. Balbu hiyo hunywa karibu ampea 2, na kwa kazi hii ni bora kuliko mita. Mita huonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobaki na uzi mmoja. Balbu itafifia na kukuambia ukweli.

Funga waya mmoja wa balbu kwenye hasi ya betri. Gusa chanya kwa waya wa pili: iwake. Sasa tembea na umeme. Gusa fyuzi inapoingia na inapotoka. Gusa swichi ya ufunguo inapoingia. Halafu mwenzako ashikilie ufunguo kwenye kuwasha, nawe uguse inapotoka. Endelea na kila swichi ya usalama, kuingia na kutoka. Malizia kwenye tamino ndogo ya solenoidi. Mahali balbu inapoacha kuwaka, kasoro iko kati ya hapo na mahali pa mwisho ilipowaka. Usiruke hatua hata kama una haraka, kwani wanaoruka ndio hurudi mwanzo.

Fyuzi ikiwa imeungua, weka yenye namba ileile. Karatasi ya sigara au waya mnene badala yake huhamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye tangi. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, mara nyingi pale unapopinda chini ya usukani wa pikipiki au unapopita karibu na bomba la moshi.

Balbu ikiwaka vizuri kwenye tamino ndogo na bado solenoidi haisemi kitu, angalia njia ya kurudi ya koili. Solenoidi ya tamino tatu hurudisha umeme kupitia bodi yake yenyewe, kwa hiyo rangi au kutu kwenye bolti zake huifanya bubu. Ya tamino nne kwa kawaida ina waya mwembamba wa kurudi. Uchomoe, funga balbu kati ya chanya ya betri na waya huo. Ikiwaka, njia ya kurudi ni nzima na koili ndiyo iliyokatika. Kwenye pikipiki kadhaa kitufe au klachi vimewekwa upande huu wa hasi, kwa hiyo utakuta umeme kwenye solenoidi muda wote ufunguo ukiwa wazi, na waya wa kurudi utaiwasha balbu pale tu kitufe kinapobonyezwa. Hiyo si kasoro.

Mtaani utaona fundi akigusisha bisibisi kwenye nguzo mbili nene za solenoidi ili stata izunguke. Ni kweli inaonyesha kama stata ni nzima. Lakini cheche zake ni kubwa, petroli iko karibu, na swichi zote za usalama zimerukwa. Pikipiki iliyo kwenye gia itaruka mbele. Yote hayo unaweza kuyajua kwa waya mwembamba kutoka chanya ya betri hadi tamino ndogo ya solenoidi, gia ikiwa huru. Stata ikizunguka, solenoidi na stata ni nzima, rudi kwenye ufunguo na swichi. Na wakati unaendelea kutafuta, kumbuka kamba na kiki zipo. Kazi ya siku haihitaji kusimama kwa sababu ya stata.

UKILAZIMIKA KUNUNUA

Kabla ya kufungua solenoidi, funga kipande cha uzi wa rangi kwenye kila waya na uchore mchoro kwenye karatasi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Solenoidi zinafanana kwa sura na kutofautiana ndani: zipo za tamino nne ambazo tamino ndogo zote mbili ni miisho ya koili, na zipo ambazo moja tu ni ya koili na nyingine ni ya kazi tofauti. Ukifunga isiyo yake, injini itakuwa bubu kama mwanzo.

Mwombe muuzaji betri ya volti 12 na ipimeni palepale juu ya meza. Unganisha balbu yako kupitia nguzo mbili nene: balbu isiwake. Peleka umeme kwenye koili: isikike "ta!" na balbu iwake kwa nguvu. Ondoa umeme wa koili: balbu izimike mara moja. Rudia mara kumi. Ikikosa hata mara moja, irudishe kwenye rafu na uombe nyingine kabla ya kutoa fedha.